Kutuma Video Nzito Nje ya Nchi Ukiwa Dar: Huduma Ipi Inavumilia Umeme Kukatika

Studio nyingi za Mikocheni, Sinza na Kinondoni huchagua huduma ya kutuma mafaili kwa kuangalia namba moja tu: inapokea GB ngapi. Namba hiyo imeandikwa kubwa kwenye tangazo na ni rahisi kuilinganisha, lakini kwa mazingira ya Dar haikusaidii sana. Cha kuuliza ni hiki: umeme ukikatika saa tisa usiku na faili limefika asilimia 82, ukirudi linaendelea kutoka 82 au linaanza sifuri? Huduma zilizomo humu tumezipima kwanza kwa jibu la swali hilo, halafu kwa gharama, halafu kwa usumbufu atakaoupata mteja wako wa London au Toronto wakati wa kushusha.

Hesabu kabla ya huduma

Uzito wa faili unautoa kwenye kodeki, yaani mfumo unaobana video, na ni vizuri kuujua kabla hujaahidi muda. Saa moja ya ProRes 422 HQ (kodeki ya Apple) kwa 1080p, fremu 25 kwa sekunde, ni kama GB 83. ProRes 422 ya kawaida kwa picha hiyo hiyo ni GB 55. Ukienda UHD (4K), HQ inaruka hadi GB 332 kwa saa na 422 ya kawaida GB 221. Kamera inayorekodi 4K kwa Mb/s 100 (megabiti kwa sekunde), kama Sony nyingi zinazotumika kwenye harusi na dokumentari hapa mjini, inakupa GB 45 kwa saa.

Sasa upande wa intaneti. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, faili linapimwa kwa megabaiti, na kati yake kuna kugawanya kwa 8. Spidi ya kupandisha ya Mb/s 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, yaani GB 9 kwa saa endapo hakuna kinachopotea njiani. Faili la GB 100 linataka saa 11 na ushee. Ile saa moja ya UHD kwa HQ inataka saa 37, siku moja na nusu bila ruta kuzimwa hata mara moja. Kwa hiyo mteja akiomba HQ, muulize kama 422 ya kawaida inamtosha. Mara nyingi inamtosha, na hapo umeokoa theluthi ya uzito bila kugharamika chochote.

Halafu kuna mtego wa kipimo cha spidi. Ukifungua Speedtest, yenyewe inachagua seva ya jirani, mara nyingi iliyo hapa hapa Dar, na inakuonyesha namba ya kufurahisha. Hiyo ni spidi ya kutoka Sinza kwenda Posta. Badilisha seva kwa mkono, weka Frankfurt, London au mji alipo mteja, pima mchana na upime tena baada ya saa sita usiku. Namba ya chini kati ya hizo ndiyo ya kupangia kazi.

Kwa nini inashuka? Data yetu inakwenda Ulaya kwa kebo za baharini, na safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde mia moja na kitu hadi mia mbili. Marekani ni zaidi. TCP, ambayo ndiyo inabeba karibu kila kitu kinachopita kwenye kivinjari, hutuma kiasi fulani kisha inasubiri jibu kwamba kimefika. Mwendo mrefu maana yake kusubiri kwingi. Pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zikianza kupotea inakuwa balaa: kwa TCP ya mtindo wa zamani, ikipotea pakiti moja tu katika kila elfu kwenye njia ya milisekunde 200, muunganisho mmoja unashuka hadi Mb/s 2 hivi hata kama umelipia 50. Mifumo ya sasa inavumilia vizuri zaidi, ila sababu inabaki pale pale. Ndiyo maana huduma zinazofungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja, au zinazoachana na TCP na kutumia UDP (itifaki isiyosubiri jibu), zinakwenda kasi kutoka hapa kuliko ukurasa wa kawaida wa kupakia. Tofauti hiyo mtu wa Amsterdam hataiona. Wewe utaiona.

Zile za bure

WeTransfer ndiyo inayotajwa kwanza na kila mteja. Ni nyepesi na haihitaji maelezo, lakini toleo la bure lilibanwa mwishoni mwa 2024, mwaka ule ule iliponunuliwa na Bending Spoons ya Italia: sasa kikomo ni GB 3, na idadi ya kutuma kwa mwezi nayo imewekewa ukomo. Kwa video ya kazi hiyo ni trela, basi. Toleo la kulipia linaondoa vikomo vingi. Wapo wahariri walioikimbia Julai 2025, pale masharti yake mapya yalipoonekana kuruhusu mafaili ya wateja kutumika kufundishia akili mnemba (AI). Kampuni ikakiondoa kipengele hicho baada ya kelele. Sisi hatuoni sababu ya kuiogopa kwa hilo tena, ila hatuoni pia sababu ya kuilipia ukiwa Dar wakati zipo zinazofaa zaidi.

SwissTransfer ya Infomaniak, kampuni ya Uswisi, inapokea hadi GB 50 bure bila kufungua akaunti, na linki unaweza kuiacha hadi siku 30. Unaweka nenosiri ukitaka. Kwa faili la GB 10 hadi 20 ndiyo chaguo letu la kwanza kati ya za bure. Juu ya hapo inabidi ujue udhaifu wa kivinjari: ukiwa umepakia kwa ukurasa wa wavuti, kufunga tabu, laptop kulala au Windows kujiwasha upya ni mwisho wa safari. GB 50 kwa Mb/s 10 ni saa 11. Je, laini yako imewahi kukaa saa 11 bila kukatika?

Smash haina kikomo cha ukubwa kwenye toleo la bure, ila ukizidi GB 2 unapangwa foleni nyuma ya wanaolipa. Kwa mzigo usio na haraka sawa. Filemail ya bure ina kikomo kidogo, lakini toleo lake la kulipia lina programu ya kompyuta inayotumia UDP, na kwa njia yetu ndefu hilo lina maana.

Kuhusu WhatsApp na Telegram: faili moja hadi GB 2, na kwa Telegram ya kulipia GB 4. Ukituma WhatsApp, itume kama dokumenti, usiitume kama video, la sivyo itabanwa mpaka mteja aulize kama ulirekodi kwa simu ya tochi.

Google Drive: inafaa, lakini ina miiba yake

Wengi tayari wanayo, mteja anaijua, na faili moja linaweza kufika TB 5. Kuna kikomo cha kupandisha GB 750 kwa siku ambacho kwa Mb/s 20 hutakigusa kamwe, maana saa 24 nzima zinakupa GB 216.

Mwiba wa kwanza ni zile GB 15 za bure. Zinagawanwa kati ya Drive, Picha na Gmail. Zikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Yaani umepandisha kazi ya mteja kwenye akaunti ya ofisi, halafu barua ya mteja ya kuuliza kazi iko wapi haiingii, na wewe unadhani ametulia. Nunua nafasi ya ziada au fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya kutuma.

Mwiba wa pili uko kwa mpokeaji. Drive inatengeneza nakala nyepesi ya kutazamia ndani ya kivinjari, na kwa video kubwa inachukua muda. Mteja anafungua linki, anaona picha yenye ukungu au ujumbe kwamba video bado inaandaliwa, anakuandikia kwamba umetuma kitu kibovu. Mwambie mapema kwamba asitazame pale, abonyeze kitufe cha kushusha, na asishtuke akionywa kwamba faili ni kubwa mno kukaguliwa virusi. Akishusha folda nzima, Drive inaikata kuwa zip nyingi za kama GB 2 kila moja. Ikikosekana moja hatajua mpaka mhariri wake akute klipu hazipo. Watu wengi wakishusha faili moja kwa wakati mmoja, linaweza kufungiwa hadi saa 24.

Kwa kupandisha, usitumie kivinjari. Tumia rclone, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kuiunganisha na Drive ni suala la kufuata maswali ya `rclone config`. Tengeneza client ID (utambulisho wa programu kwa Google) yako mwenyewe badala ya kutumia ile ya pamoja, kwa sababu ya pamoja inabanwa na Google watu wakiwa wengi. Kisha:

`rclone copy "D:\KAZI" drive:KAZI -P --drive-chunk-size 64M --bwlimit "08:00,1M 20:00,off"`

Amri hiyo inapandisha folda, inaonyesha maendeleo, inatumia vipande vya MB 64 badala ya 8 za kawaida (vipande vikubwa vinapunguza kusubiri majibu kwenye njia ndefu), na inajibana hadi takriban MB 1 kwa sekunde kuanzia saa mbili asubuhi ili wenzako waweze kufanya kazi, kisha inaachiwa saa mbili usiku. Angalia kwamba 1M hapo ni megabaiti, siyo megabiti. Wengi hukosea hapo na kuzima ofisi nzima. Vipande hivyo hukaa kwenye RAM, na rclone hupandisha mafaili manne kwa pamoja, kwa hiyo kompyuta ya RAM ndogo isipewe vipande vya MB 512.

Mtandao ukiyumba kwa dakika chache, rclone inarudia kipande kilichofeli na kuendelea. Kompyuta ikizimika kabisa ni habari nyingine: ukiiendesha tena itaruka mafaili yaliyokwisha kufika, lakini faili lililokuwa katikati linaanza mwanzo. Faili moja la GB 90 ni kamari. Dawa ni kulikata kwanza kwa 7-Zip bila kulibana:

`7z a -mx0 -v4g KAZI.7z KAZI.mov`

Inatoa vipande vya GB 4: KAZI.7z.001, .002 na kuendelea. Umeme ukikatika hupotezi zaidi ya kipande au vipande vilivyokuwa njiani. Usiweke -mx9 ukidhani utapunguza uzito. Video tayari imebanwa na kodeki yake. Utachosha prosesa kwa saa nzima ili uokoe asilimia moja. Mpokeaji anahitaji vipande vyote mahali pamoja, na kama ana Mac muulize kwanza ana programu ya kufungulia, Keka kwa mfano. Wapo wateja ambao kompyuta za ofisi zao haziruhusu kuweka programu yoyote, na kwao njia hii haifai.

Dropbox: kwa umeme wetu, hii

Ukitulazimisha kutaja moja kwa studio ndogo ya Dar yenye kazi za kila wiki, tutataja Dropbox ya kulipia kwa programu ya kompyuta. Sababu ni ya kiufundi: programu hiyo inakata kila faili katika vipande vya MB 4, inavipa alama, na kupandisha kimoja kimoja. Kompyuta ikizimika, ikiwashwa tena inaangalia vipande gani vimeshafika na kuendelea na vilivyobaki, hata ndani ya faili moja la GB 90. Huhitaji 7-Zip, huhitaji amri, na kijana wa zamu ya usiku hahitaji mafunzo.

Kasoro zipo. Bure ni GB 2 tu, hivyo bila kulipa hakuna mazungumzo. Faili lazima liwe ndani ya folda ya Dropbox, kwa hiyo diski inayobeba folda hiyo iwe na nafasi ya kutosha. Na kuna kosa moja linaloumiza watu: badala ya kumpa mteja linki ya kushusha, wanamwalika kwenye folda yenyewe kwa haki ya kuhariri. Folda inaanza kuhesabiwa kwenye nafasi yake, inamjaa, anafuta ili apate nafasi, na faili linafutika na kwako pia. Linaweza kurudishwa kutoka mafaili yaliyofutwa ndani ya muda fulani, lakini kwa nini ujitafutie kazi? Toa linki ya kutazama na kushusha pekee.

Kwa kazi kubwa yenye tarehe: MASV

MASV ni ya Ottawa, Kanada, na ilitengenezwa kwa watu wa video, siyo kwa kila mtu. Hulipi kwa mwezi usipotaka. Unalipa kwa GB inayoshushwa. Bei yake ya kulipa kadiri unavyotumia imekuwa senti 25 za dola kwa GB, hivyo mzigo wa GB 200 ni dola 50, zaidi ya shilingi laki moja. Ni pesa. Ila inafungua miunganisho mingi kwa pamoja na kujaza laini yako yote, programu yake ya kompyuta inaendelea pale ilipoishia, inabeba folda zenye muundo wa kadi ya kamera bila kuzivuruga, na mpokeaji hahitaji akaunti.

Neno la kuangalia ni "inayoshushwa". Mteja akishusha mara mbili, au akimpa linki mrekebishaji wa rangi za picha, mtu wa sauti na bosi wake, kila ushushaji unahesabiwa. Weka kikomo cha idadi ya kushusha na nenosiri kabla ya kutuma linki. Gharama hiyo iandike kwenye ankara tangu mwanzo kama mstari wake pekee. Wateja wa nje wamezoea kuilipa, ila studio za hapa huificha ndani ya bei ya uhariri kisha wanajikuta wamekula hasara.

Njia nyingine ya kuzuia pesa hiyo isitoke mfukoni mwako ni lango la kupokelea. Mteja mwenye akaunti ya MASV, Dropbox au nyingine ya aina hiyo anaweza kukutumia ukurasa wa kupakia: unapandisha, gharama na nafasi ni zake. Uliza kabla ya kutoa bei. Ni swali la sentensi moja na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Mteja akikupa Aspera

Vituo vikubwa vya televisheni na majukwaa ya filamu hayakuulizi unatumia nini, yanakupa linki ya Aspera au Signiant. Aspera iko chini ya IBM tangu 2014 na inatumia itifaki yake inayoitwa FASP, juu ya UDP, ambayo umbali na pakiti zinazopotea haviisumbui sana. Kwa njia ya Dar kwenda Los Angeles ni nzuri kuliko zote zilizotajwa humu. Huinunui wewe, unaweka programu ndogo ya bure na kufuata linki.

Matatizo ni mawili. Firewall ya ofisi au ya ruta inaweza kuzuia UDP, na kwa kawaida mlango (port) unaohitajika ni 33001. Dalili yake ni kwamba programu inaingia vizuri kabisa, inaonyesha faili, kisha inagoma kwenye sifuri. Mwite aliyekufungia mtandao aufungue kwa data inayotoka kwako kwenda nje. Tatizo la pili ni spidi lengwa. Itifaki hii haina adabu ya TCP ya kuwapisha wengine. Ukiiachia Mb/s 50 kwenye laini ya kupandisha ya 20, itaijaza laini kupita kiasi, simu za mtandaoni zitakatika jengo zima na yenyewe itapoteza pakiti hovyo. Weka asilimia 80 hadi 90 ya spidi uliyoipima kwenda nje: laini ya 20, weka 16 au 18.

Moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta

Syncthing ni ya bure na Resilio Sync inafanana nayo. Hakuna seva ya katikati, hakuna kikomo, zinaendelea pale zilipoishia kwa sababu nazo zinakata vipande. Ukiwa na mshirika mmoja wa kudumu, tuseme mhariri aliyeko Berlin unayefanya naye msimu mzima, zinapendeza mno. Lakini kompyuta zote mbili lazima ziwe hewani kwa wakati mmoja, na ukiwa kwenye intaneti ya simu unakuwa nyuma ya anwani ya pamoja ya mtandao, ambapo huwezi kufungua mlango. Kama na upande wa pili haujafunguliwa, Syncthing inapitia seva za kupokezana za watu wa kujitolea, na spidi inakuwa ya konokono. Upande mmoja ufungue mlango, na uwe wa mteja kama wewe uko kwenye laini ya simu.

Laini, umeme na kompyuta

Faiba ya ofisini ndiyo ya kutegemea, ilimradi uulize spidi ya kupandisha peke yake, kwa sababu muuzaji atakutajia ya kushusha. 5G ya simu saa nane usiku inaweza kuipita faiba ya bei rahisi, lakini bando "lisilo na kikomo" lina kiwango cha matumizi ya haki, na ukikivuka unabanwa mpaka mwezi uishe. Kwenye bando la kuhesabiwa, kufeli kunalipiwa: mzigo wa GB 50 ukikatika kwenye asilimia 90 kwa huduma isiyoendelea, umeshachoma GB 45 na mteja hana kitu.

Kifaa cha faiba na ruta vinakula umeme kidogo sana. Mini UPS ya volti 12 ya Kariakoo inatosha kuvibeba kwa saa kadhaa, lakini soma kwanza kibandiko chini ya chaja ya kila kifaa: kuna vya volti 9, na kuna vya volti 12 vinavyotaka ampea 1.5 au 2 wakati mini UPS inatoa 1. Ukiunganisha hivyo, ruta itawaka na kuzimika kila mzigo ukipanda, na utalaumu mtandao wiki nzima. Laptop ina betri yake. Diski ya nje yenye chaja ya ukutani haina, kwa hiyo hamishia faili kwenye diski ya ndani au SSD inayojiendesha kwa USB kabla ya kuanza.

Kwenye Windows simamisha masasisho kwa siku saba na zuia kulala hata ukifunika kioo. Kwenye Mac fungua Terminal, andika `caffeinate -i` na uiache wazi.

VPN ya "kuongeza spidi" huwa inaipunguza, maana unaongeza kituo kingine njiani. Tena tangu Oktoba 2023 TCRA imetaka wanaotumia VPN watoe taarifa, hivyo usiiweke kama kawaida bila kulijua hilo. Na zipo siku ambazo hakuna huduma itakayokuokoa: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja na nchi nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Kwenye mkataba weka siku mbili tatu za akiba kati ya kumaliza uhariri na tarehe ya kukabidhi.

Picha zikiwa na wagonjwa, watoto au mashahidi, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Linki iwe na nenosiri, na nenosiri lipite njia nyingine: linki kwa barua pepe, nenosiri kwa simu.

Inapobidi kupanda ndege

TB 2 kwa Mb/s 20 ni zaidi ya siku tisa mfululizo. Hapo diski kwa DHL au msafirishaji mwingine inashinda, kwa sababu Ulaya ni siku chache za kazi. Nunua SSD ya nje, maana diski ya kuzunguka haipendi kurushwa, na iumbize (format) kwa mfumo wa exFAT ili isomeke Windows na Mac. Usitumie FAT32: haipokei faili linalozidi GB 4. Ifunge kwa VeraCrypt kama picha ni nyeti. Kwenye fomu ya forodha andika kwamba ni diski ya kompyuta na thamani yake halisi. Ukiandika thamani ya filamu, mteja atadaiwa kodi ya filamu, na ukiandika sifuri kifurushi kinaweza kusimamishwa kwa maswali.

Iwe kwa kebo au kwa ndege, tuma na alama ya uhakiki (checksum), ambayo hubadilika faili likibadilika hata kidogo. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile KAZI.mov SHA256`, kwenye Mac ni `shasum -a 256 KAZI.mov`. Inatoa herufi na tarakimu 64. Faili la GB 100 kwenye diski ya kawaida linachukua kama robo saa. Usilinganishe kwa ukubwa unaoonekana kwenye skrini, kwa sababu faili lile lile Mac inaliita GB 100 na Windows GB 93. Mteja aendeshe amri hiyo upande wake na akurudishie mstari alioupata. Mpaka mstari huo ufanane na wako, kadi za kamera zisiumbizwe upya na linki isifutwe.